Kura mnaziomba kwa Kibhojpuri, Bungeni mnakisahau: barua ya wazi kwa wabunge wa Bihar, Uttar Pradesh na Jharkhand

Waheshimiwa wabunge,

Nawasalimu kutoka Morogoro. Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wenu hamuisomi, kwa hiyo barua hii ikiwafikia itakuwa imepitia kwa mkalimani, na ladha yake fulani itakuwa imebaki njiani. Si vibaya mkionja hali hiyo. Mkulima wa Ballia au mama wa Chapra akiwa na neno la kuiambia serikali yake hupita humo humo: hulifikiri kwa Kibhojpuri, hulivalisha Kihindi, ndipo husikilizwa.

Mtauliza Mtanzania ametumwa na nani. Hajatumwa na mtu. Nilisoma Varanasi, mji uitwao pia Banaras, nikapanga chumba mtaa wa Lanka, nje ya lango la Chuo Kikuu cha Banaras, na Kihindi changu cha kitabuni hakikunifikisha mbali. Muuza mboga, dereva wa riksho, mama mwenye nyumba na wakwe zake, wote walikuwa na Kihindi cha kuongea na mgeni, na lugha nyingine ya kuishi. Hiyo nyingine ndiyo niliyoipenda. Tangu hapo nasoma tamthilia zake na kuzifasiri kidogo kidogo, kwa raha zangu, hakuna anayenilipa.

Kwa wasomaji wenzangu wa huku: Kibhojpuri husemwa magharibi ya Bihar, mashariki ya Uttar Pradesh, sehemu za Jharkhand na nyanda za kusini mwa Nepal. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu 50,579,447 walikitaja kuwa lugha yao ya mama. Ni wengi kuliko waliotaja Kikannada (milioni 43.7), Kiodia (37.5), Kimalayalam (34.8) au Kipunjabi (33.1), na kila moja ya hizo ina jimbo lake, ofisi zake na vitabu vyake vya shule. Kiurdu wamekaribiana nacho sana. Pamoja na hayo, ukifungua orodha kuu ya lugha za sensa ile, jina la Kibhojpuri hulioni. Lazima ushuke chini ya Kihindi, uchambue fungu lenye makumi ya lugha, ndipo ukikute humo kimebanwa. Ile hesabu ya Kihindi inayotajwa kila mahali, watu milioni 528, ni jumla ya fungu zima. Waliosema wenyewe kwamba lugha yao ni Kihindi walikuwa milioni 322. Wa pili katika fungu hilo ni wasemaji wa Kibhojpuri.

Hapo ndipo penye kisa changu na ninyi, waheshimiwa. Kila mnapotaka kuonyesha ukubwa wa Kihindi mnawakopa wasemaji hawa milioni 50. Deni lenyewe hamjawahi kulipa, hata riba.

Angalieni jambo moja zaidi katika hesabu zenu. Mwaka 2001 waliotaja Kibhojpuri walikuwa 33,099,497. Miaka kumi baadaye wakawa zaidi ya milioni 50, ongezeko la zaidi ya nusu, wakati India nzima iliongezeka kwa asilimia 17 na kitu. Hakuna uzazi wa namna hiyo. Kilichotokea ni kwamba mamilioni ya watu waliokuwa wakimjibu karani "Kihindi", kwa mazoea au kwa aibu, safari hii walijibu walichokuwa wakikisema jikoni. Serikali haikuwalipa kitu kwa jibu hilo. Walilitoa wenyewe.

Naomba niseme na la kwetu, msije mkanirudishia. Tanzania haiulizi kabila kwenye sensa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1967. Na lugha zetu za jamii, Kisukuma, Kihaya, Kimakonde na nyingine zote, hazina nafasi darasani. Kwa hiyo sina jeuri ya kuja kuwafundisha adabu. Tofauti ni kwamba sisi hatuulizi, tukanyamaza. Ninyi mnauliza, mnajibiwa, mnaandika, halafu jibu la mtu mnaliingiza kwenye akaunti ya mwingine.

Sasa twende kwenye Katiba. Jedwali la Nane, yaani orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba ya India, lilianza na lugha 14 mwaka 1950. Leo zipo 22. Mara ya mwisho mlango ulifunguliwa mwaka 2003, wakaingia Kibodo, Kidogri, Kimaithili na Kisantali. Sina kinyongo na hata mmoja wao. Kimaithili ni ndugu wa tumbo moja na Kibhojpuri, na waliokipigania walistahili kushinda. Lakini Kidogri kina wasemaji milioni 2.6 na Kibodo hakifiki milioni moja na nusu. Ukiuliza kipimo kilichotumika ni kipi, Wizara ya Mambo ya Ndani hujibu, na imejibu hivyo miaka nenda miaka rudi, kwamba hakuna kigezo maalumu. Kamati ya Pahwa ya mwaka 1996 ilijaribu kukitafuta, ya Mohapatra ya mwaka 2003 ikajaribu tena, na hakuna kilichoamuliwa. Basi ikiwa kigezo hakipo, Kibhojpuri kimekosa nini?

Mtu asidhani Jedwali ni pambo. Lugha iliyomo ndani yake inaruhusiwa kwenye mtihani mkuu wa utumishi wa umma, ule unaotoa wakuu wa wilaya na mabalozi. Mbunge anaweza kuapa kwayo. Kijana wa Siwan anayetaka kuufanya mtihani ule kwa lugha ya mama yake hawezi. Kijana wa Darbhanga, jimbo lile lile la Bihar, anaweza, kwa sababu yeye ni Mmaithili. Na Februari 2025, Spika wa Lok Sabha, bunge la chini, alipotangaza kwamba ukalimani wa papo kwa papo umeongezwa kwa lugha nyingine sita, mojawapo ilikuwa Kisanskriti. Sensa ya 2011 iliwapata watu 24,821 wanaokiita lugha yao ya mama. Kwa kila mmoja wao kuna wasemaji zaidi ya 2,000 wa Kibhojpuri. Nakiheshimu Kisanskriti, nimekaa kwenye mji wake, nimewasikia wanafunzi wakikiimba alfajiri. Bado sielewi ni mbunge gani anayekihitaji kwenye vipaza sauti vya masikioni kabla ya yule wa Ara, kwenye nchi ya Kibhojpuri.

Mei 2012, P. Chidambaram, Mtamil, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama Lok Sabha akasema sentensi moja ya Kibhojpuri kuwaambia wabunge kwamba anaelewa hisia zao. Ukumbi ulichangamka. Imebaki kuwa sentensi. Julai 2024 Mheshimiwa Ravi Kishan, mbunge wa Gorakhpur, aliwasilisha muswada binafsi, yaani wa mbunge mwenyewe na si wa serikali, wa kukiingiza Kibhojpuri kwenye Jedwali. Namshukuru. Lakini yeye anajua kuliko mimi kwamba tangu mwaka 1970 hakuna muswada binafsi uliowahi kupita mabunge yote mawili ukawa sheria. Mheshimiwa, wewe uko kwenye chama kinachotawala. Muswada wa serikali mlango wake uko karibu na kiti chako.

Na hapa sitataja mmoja tu. Uwanja wa siasa wa huko umejaa watu waliolelewa na Kibhojpuri kwa maana ya mkate wa kila siku. Manoj Tiwari aliimba na kuigiza kwa lugha hii kabla ya kuwa mbunge wa Delhi. Ravi Kishan alijulikana kwa filamu zake. Dinesh Lal Yadav, anayeitwa Nirahua, aliingia Bungeni kupitia Azamgarh mwaka 2022. Wakati wa kampeni hata wasioijua lugha hujifunza salamu mbili tatu za kufungulia hotuba, na umati hupiga kelele za furaha. Mbunge wa Varanasi, ambaye pia ndiye Waziri Mkuu wa nchi, Mheshimiwa Narendra Modi, Machi 2025 alitua Mauritius akapokewa na akina mama wakiimba Geet-Gawai, nyimbo za Kibhojpuri za harusi. Alifurahi, akazisifu. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kibhojpuri kinatunzwa ugenini, kwao kinapigiwa makofi tu.

Wapo wanaosema, na nimewasikia mpaka vyuoni, kwamba hii ni lahaja ya vijijini, haina fasihi. Hapa nitakaa kidogo.

Bhikhari Thakur alizaliwa mwaka 1887 kijiji cha Qutubpur, wilaya ya Saran, katika jamii ya vinyozi. Alikwenda Kharagpur kutafuta riziki kwa wembe, akarudi, akaunda kundi la maigizo, na mpaka anafariki mwaka 1971 hakukuwa na jina kubwa kuliko lake katika nchi yote ya Kibhojpuri. Wanaume walicheza nafasi za wanawake, jukwaa lilikuwa uwanja wa kijiji, na watu walikesha. Mwandishi Rahul Sankrityayan alimwita Shakespeare wa Kibhojpuri, sifa ambayo mimi siipendi sana, maana inamfanya aonekane kivuli cha mtu ambaye hakuwahi kukaa mlangoni kwa tajiri akisubiri kuitwa kunyoa ndevu.

Tamthilia yake mashuhuri, Bidesiya, ina kisa chepesi: mume anaondoka kwenda Calcutta kutafuta kazi, anamwacha mke kijijini, huko mjini anapata mwanamke mwingine, na mke anamtuma mpita njia ampelekee ujumbe. Kaya nyingi za Siwan na Gopalganj mnazoziwakilisha zinaishi ndani ya kisa hicho leo, ila Calcutta imekuwa Dubai, Doha na Riyadh. Mswahili wa Unguja au Mombasa mwenye kaka Muscat hahitaji maelezo zaidi.

Lakini ninayoipenda mimi ni Gabarghichor. Mume amekwenda mjini miaka mingi, hakuandika, hakutuma hata senti. Anarudi na kumkuta mkewe ana mwana wa kiume, barobaro tayari. Anamdai mtoto: mke ni wangu, basi na mwana ni wangu. Mwanamume wa kijijini aliyemzaa naye anamdai: mbegu ni yangu. Mama anasema ni wangu. Kesi inapelekwa barazani, na mbele ya wazee wale mwanamke asiyejua kusoma anatoa hoja ambayo wakili wa mahakama kuu angeitamani. Anasema, kwa maneno yangu: nyumbani nilikuwa na maziwa, mtu akaja akatia tone la kugandishia, mtindi ukipigwa samli ikitoka, hiyo samli si ya mwenye maziwa? Mzee wa baraza, aliyekwisha kutiwa tamaa ya rushwa na pande zote mbili, anaamua mtoto akatwe mafungu matatu, kila mdai apate lake. Wanaume wawili wanakubali. Mama anakataa, anasema mpeni yeyote lakini mzima. Ndipo kesi inapoisha.

Mniambie ni lugha gani ya Jedwali, katika miaka ile, ilikuwa imempandisha mwanamke wa kijijini jukwaani akadai mtoto aliyemzaa nje ya ndoa, bila kumfanya aombe radhi, na wanakijiji wakakaa wakamsikiliza mpaka mwisho. Zipo, pengine. Hazikuwa nyingi.

Na lipo shairi la Heera Dom. Jarida la Kihindi la Saraswati lililichapisha Septemba 1914, likiwa kwa Kibhojpuri. Ni malalamiko ya mtu wa tabaka la wasioguswa. Anamkumbusha Mungu alivyomwokoa Prahlad, alivyomsitiri Draupadi, alivyomnusuru tembo aliyekamatwa na mamba, halafu anauliza: sasa umelala wapi, au umejua kwamba sisi ni Wadom, watu wa tabaka hilo, ukaogopa kutugusa? Anataja mpaka mshahara, rupia mbili kwa mwezi kwa kazi ya mchana na usiku. Karne imepita na nywele bado zinasimama. Historia nyingi za fasihi hulitaja kuwa shairi la kwanza la Kidalit, yaani la hao wasioguswa, katika Kihindi. Mmeona? Limeandikwa kwa Kibhojpuri, limehesabiwa Kihindi. Mkopo ule ule wa sensa umefika mpaka kwenye mashairi.

Sahitya Akademi, chuo chenu cha taifa cha fasihi, hutoa tuzo kila mwaka kwa lugha 24: zile 22 za Jedwali pamoja na Kiingereza na Kirajasthani, ambazo Jedwali halizitambui. Kumbe njia ipo hata kabla Katiba haijaguswa. Mwandishi wa Kibhojpuri anayetoa kitabu kizuri mwaka huu hana tuzo ya kila mwaka ya kushindania pale. Hungoja heshima ya mara moja moja inayogawiwa lugha zisizo na nafasi.

Nimeitaja Mauritius, na ni vizuri kuirudia kwa sababu iko upande wetu wa bahari. Kwetu reli ya Uganda ilijengwa na vibarua waliotoka zaidi Punjab, ndiyo maana Kibhojpuri hakikutia mizizi Mombasa. Meli zilizojaa watu wa Bihar zilielekea kwingine: Mauritius kuanzia mwaka 1834, kisha Guyana, Trinidad, Natal, Suriname, Fiji. Mauritius peke yake ilipokea zaidi ya watu 450,000 kabla mfumo ule wa vibarua wa mikataba haujakoma. Walishukia Port Louis kwenye ngazi za mawe ambazo leo ni urithi wa dunia, Aapravasi Ghat, wakagawanywa kwenye mashamba ya miwa. Lugha ilisafiri nao bila karatasi wala pesa.

Mwaka 2016 UNESCO iliingiza Geet-Gawai kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kabla ya harusi, wanawake wa ukoo na majirani hukusanyika nyumbani kwa bibi au bwana harusi. Watano kati yao, walioolewa, huchambua manjano, mchele, nyasi na sarafu juu ya kitambaa, wengine wakiimba nyimbo za kuwaheshimu miungu. Ngoma yenyewe hupewa heshima kabla haijapigwa. Kisha mambo huchangamka, huko kwenye mzaha na mauno ambayo bibi yangu wa Kizaramo angeyatambua mara moja.

Msije mkatulia kwa habari hiyo. Sensa za Mauritius zinasema mwaka 2000 asilimia 12 ya watu walikuwa wakisema Kibhojpuri nyumbani. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 5 na kidogo. Vijana wamehamia Kikrioli. Heshima ya jukwaani na vyeti vya kimataifa havikuzuia lugha kutoka kwenye meza ya chakula, ijapokuwa kisiwa kile kimejitahidi kuliko ninyi: kina chama cha wasemaji wa Kibhojpuri kilichoundwa kwa sheria. Huko Nepal nako katiba ya mwaka 2015 inazitambua lugha zote za mama kuwa lugha za taifa, na tume yao ya lugha ilipendekeza Kibhojpuri kiwe miongoni mwa lugha za kazi katika jimbo la Madhesh. Wasemaji wa Nepal hawafiki milioni mbili.

Sasa nirudi mtaa wa Lanka, Varanasi, kwenye nyumba niliyopanga. Mama mwenye nyumba tulimwita Chachi, wapangaji wote. Mjukuu wake alikuwa darasa la pili shule ya jirani. Jioni moja alileta daftari aandikiwe sahihi: insha fupi ya Kihindi kuhusu familia yake. Kila alipoandika "ham", ambayo kwa Kibhojpuri ni "mimi", mwalimu alikuwa ameikata kwa wino mwekundu na kuandika "main" juu yake. Ukurasa ulikuwa umechafuka. Chini mwalimu aliandika kwamba mtoto azungumzishwe vizuri nyumbani. Chachi hakusoma, akaniuliza yale mekundu yanasema nini. Nikamwambia. Hakubisha. Kuanzia wiki ile, mtoto akitoka shule, bibi yake alikuwa akimsemesha Kihindi, Kihindi cha kujikwaa, sentensi fupi fupi za amri: kula, osha mikono, soma. Hadithi alizokuwa akimpigia wakati wa kumenya njegere zilikatika, kwa sababu kwa Kihindi hakuwa nazo.

Mwalimu simlaumu sana, alifanya alichofundishwa. Nailaumu serikali yenu iliyopitisha Sera ya Elimu ya mwaka 2020 inayosema kwamba mtoto, inapowezekana, afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau hadi darasa la tano, halafu ikaamua kwamba lugha ya nyumbani ya Chachi ni Kihindi. Karatasi inasema hivyo, si ndiyo? Kibhojpuri kiko chini ya Kihindi. Kwa mujibu wa sensa yule mtoto tayari anafundishwa kwa lugha ya mama.

Mtasema, mbona sokoni Kibhojpuri kinapendeza, nyimbo zinasikilizwa na mamilioni? Ndiyo, na hili linawahusu pia. Filamu ya kwanza ya Kibhojpuri ilitoka mwaka 1963. Rajendra Prasad, rais wa kwanza wa India, mwana wa Ziradei wilaya ya Siwan, alikuwa miongoni mwa waliotaka filamu ya lugha yake itengenezwe. Leo tasnia ni kubwa na sehemu yake kubwa ni matusi matupu: nyimbo ambazo mama hawezi kukaa na mwanawe basi likizipiga. Kabla ya sikukuu ya Holi ya mwaka 2025 polisi wa Bihar waliagizwa kuchukua hatua dhidi ya nyimbo chafu za Kibhojpuri. Sipingi. Lakini lugha isiyo na mwalimu wa darasa la kwanza, isiyo na tuzo wala nafasi kwenye mtihani wa maana, atabaki kuitunza nani isipokuwa mfanyabiashara? Sharda Sinha, aliyefariki Novemba 2024 sikukuu ya Chhath ikianza, aliimba miaka na miaka bila neno la aibu, na watu walimfuata kwa wingi. Msikilizaji wa kazi safi hajatoweka. Kilichopungua ni pesa za umma, na serikali iliyoshindwa kuleta mwalimu imeleta askari.

Kuna na herufi za kuandikia. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nchi hiyo iliandika kwa Kaithi, mwandiko wa makarani na wenye maduka, uliokuwa rasmi katika mahakama za Bihar tangu miaka ya 1880. Ukaachwa, Devanagari, herufi za Kihindi, ikashika. Mwaka 2024, upimaji mpya wa ardhi ulipoanza Bihar, wananchi walileta hati za ardhi za babu zao, ziko kwa Kaithi, na ofisini hakukuwa na wa kuzisoma. Ikabidi watumishi wapewe mafunzo ya haraka. Sisi wa pwani tunalijua hilo, tuna nyaraka za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo warithi wake hawawezi kuzisoma. Kwenu lakini ni shamba la mtu linalongoja.

Hoja moja ninaichukulia kwa uzito: kwamba Kibhojpuri kikitoka kwenye fungu, Kihindi kitapungua nguvu, na wasomi kadhaa wa Kihindi wameipinga hatua hiyo kwa sababu hiyo. Tupige hesabu. Kihindi mwaka 2011 kilikuwa asilimia 43.6 ya India. Toa Kibhojpuri, kinabaki zaidi ya 39. Kinachofuata, Kibengali, kina 8. Na tena mmeshalijaribu hili: Kimaithili kilikuwa ndani ya fungu mwaka 1991, kikatoka, na sehemu ya Kihindi ikapanda, si kushuka. Kuhusu hoja kwamba Kibhojpuri cha Banaras si cha Ara wala cha Gorakhpur, naomba niwe mfupi: Kiswahili cha Unguja, Mombasa na Lamu navyo vilitofautiana, na vinatofautiana hadi leo. Kikachaguliwa Kiunguja, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu, vitabu vya shule vikaandikwa, na washairi wa Kimvita na Kiamu waliendelea na mashairi yao bila kuomba ruhusa ya mtu. Usanifu ulikuja kwa kuandika vitabu.

Ninachoomba kwenu, basi. Wabunge wa chama tawala wa kanda hii, simameni pamoja mdai muswada wa serikali; bila ninyi hesabu ya kura za chama hicho haikamiliki, na mnajua. Wenzenu wa bunge la Bihar hawana haja hata ya kuwasubiri: ibara ya 345 ya Katiba inaruhusu jimbo kupitisha lugha yake kwa matumizi ya serikali, na Bihar yenyewe iliitumia nafasi hiyo kukipa Kiurdu hadhi ya lugha ya pili. Kupeleka mapendekezo Delhi na kukaa chini si kazi iliyokwisha.

Na kabla ya yote hayo kuna sensa. Saa rasmi ya kuhesabu watu ni usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2027. Hapa Katiba haiguswi kabisa. Kibhili, ambacho hakimo kwenye Jedwali, mwaka 2011 kilipewa mstari wake chenyewe katika orodha ya lugha zisizo za Jedwali, na wasemaji wake milioni 10. Kibhojpuri kinaweza kuandikwa hapo hapo kwa uamuzi wa ofisi ya Msajili Mkuu, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Iulizeni wizara hiyo Bungeni, kwa maandishi: karani akiambiwa Kibhojpuri, ataandika nini, na jibu hilo litachapishwa chini ya jina gani?

Wasalaam,

Msomaji na mfasiri, Morogoro